Kusema Njia Katika Korongo la Sange

“Ukuta iko rangi gani sasa?”

Papa, baba yangu, aliniuliza hivyo tukiwa ndani ya korongo, mimi mbele, yeye nyuma na fimbo yake, anga juu yetu limebaki kama utepe. Niliutazama ukuta. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo kikuu. Nilikuwa mtu wa kuuliza kila kitu na kubisha nusu ya majibu, na swali lile, ambalo ungemwuliza mtoto wa chekechea, lilinishinda kabisa.

Nianze tulikoanzia.

Cimpunda, mtaa wetu wa Kadutu mjini Bukavu, katika nyumba yetu iliyobanwa mlimani kati ya ukuta wa jirani wa juu na bati la jirani wa chini, korongo hilo lilikuwa kama ndugu wa mbali ambaye kila mtu anamsikia na hakuna aliyewahi kumwona. Papa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kabla hajaoa alifundisha Sange, kule bonde la Ruzizi, na kila wiki alipanda kwa miguu hadi shule ndogo ya mlimani kwa kufuata korongo kavu, pamoja na mchungaji wa ng’ombe aliyeitwa muzee Kashindi. Alitusimulia safari hiyo utoto wetu wote. Kwanza mchanga mweupe kama unga wa muhogo. Halafu ukuta wa rangi ya mafuta ya mawese. Halafu njia panda: upande mmoja mawese yanaendelea, upande mwingine ukuta wa rangi ya sombe iliyolala, majani ya muhogo yaliyopikwa jana. Ukifuata mawese unafika mahali alipopaita Kanisa, ambapo jua la mchana linashuka kutoka juu na kuta zote zinawaka.

Kaka zangu walicheka. “Papa na kanisa yake.” Mimi sikucheka, nilishuku. Kilichonitia shaka ni kwamba maneno hayakubadilika hata siku moja. Mtu anayekumbuka kitu alichokiona husita, hujirekebisha, leo husema hivi na kesho vile. Papa alikariri kama katekisimu. Tena huyu ni mtu ambaye maman hakuthubutu kumtuma nyanya kwenye soko la Kadutu, maana angerudi na mbichi tupu na kuzisifu njia nzima. “Akili yake iko kwenye vitabu,” maman alisema, akaenda sokoni mwenyewe. Mtu asiyeziona nyanya zilizo mkononi mwake, nitamwaminije juu ya kuta za miaka thelathini iliyopita?

Kisha goti lake likaharibika. Daktari alisema litapasuliwa mwezi unaofuata, na baada ya hapo ngazi za Cimpunda zingemtosha. Mawe na milima asahau. Papa hakulalamika. Aliomba kitu kimoja tu, kurudi Kanisa mara moja kabla ya kisu. Kaka zangu walikuwa na kazi zao. Mimi sikuwa na kazi, nilikuwa na miguu inayowasha na diploma isiyoniita popote. Nikasema nitampeleka. Sababu yangu nyingine sikuisema: nilitaka kuliona korongo kwa macho yangu ili hadithi ile iishe, kwa upande wowote itakaoishia.

Bukavu, kabla ya kuondoka, nilitafuta kibali. Kwetu hata kumtembelea shangazi ng’ambo ya mto kunahitaji karatasi, na ukitaka kwenda kuwaona sokwe msituni, karatasi zinakuwa nzito kuliko mzigo. Nilikwenda ofisi moja, nikatumwa nyingine, nikamkuta karani aliyekuwa akimenya chungwa.

“Kibali ya kuenda wapi?”

“Kwenye korongo, karibu na Sange. Kutembea kwa miguu.”

“Korongo ya nani?”

“Si ya mtu.”

“Iko na mulinzi? Iko na mulango?”

“Sijui. Nadhani hapana.”

Akafikiri, akala kipande cha chungwa. “Basi dada, kibali nitakuandikia ya nini? Enda tu.”

Nilitoka pale nimepigwa na butwaa kuliko kama angeninyima. Sikuwahi kuambiwa na ofisi yoyote niende tu. Nilipomweleza papa, hakuamini. Alibeba jalada lake hata hivyo: diploma, barua ya kustaafu, karatasi ya ubatizo.

Asubuhi ya safari tulipanda Fuso la tonton Bahati, mdogo wake papa, aliyekuwa akipeleka saruji Uvira. Kuna barabara laini inayopitia Rwanda, lakini kwa lori na papa na jalada lake tulichagua njia ya mlima Ngomo. Wanaoijua Ngomo wataelewa kwa nini tuling’ang’ania viti. Barabara inashuka mlima kwa kujikunja, upande mmoja jabali, upande mwingine hakuna kitu, na lori linalopanda likikutana na linaloshuka, madereva wawili wanashuka kujadiliana kama wakwe. Bukavu tuliiacha na ukungu na masweta. Kila kona ya Ngomo ilituvua nguo moja.

Kamanyola, kwenye barieri, askari aliomba karatasi. Papa akafungua jalada kwa furaha.

“Ordre de mission iko wapi, muzee?” Alitaka barua ya safari ya kikazi.

“Sina mission. Naenda kutembea.”

“Kutembea kufanya nini?”

“Kutembea.”

Askari alimtazama mwenzake. “Batu banakimbia jua ya huku, huyu anaifuata.” Alisoma karatasi ya ubatizo kutoka juu mpaka chini, akairudisha kwa mikono miwili, akainua kamba.

Baada ya Kamanyola bonde linafunguka. Sisi watu wa Bukavu tumezoea kijani kinachobonyea ukikikanyaga. Jangwa kwetu ni neno la vitabuni. Bonde la Ruzizi si jangwa la vitabu, lina mpunga na ng’ombe na watu wengi. Lakini kiangazi, ukiacha mifereji na kugeukia milima ya magharibi, nyasi zinakuwa majani ya ufagio, miti inakuwa miiba, na ardhi inapasuka kama kisigino. Upepo ulikuwa na joto la pumzi ya mtu. Kwa mara ya kwanza niliona aibu kidogo kwamba nimeishi maisha yangu yote umbali wa asubuhi moja kutoka hapa, nami nikidhani mkoa mzima una sura ya Bukavu.

Sange, tulipokelewa na maman Feza, binti wa muzee Kashindi. Baba yake alifariki zamani. Papa alikuwa amesikia akiwa Bukavu na kumwombea misa. Maman Feza alimtazama papa akishuka kwenye lori kwa mguu mmoja, kisha mwingine, kisha fimbo.

“Maître, mwalimu wetu, ulizeeka vibaya.”

“Na wewe nilikuacha na makamasi. Naona ulipangusa.”

Alicheka mpaka akashika mlango. Alitupikia ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, na wakati wa kula nikamwuliza swali lililokuwa likinisumbua tangu Bukavu: nani basi anatoa ruhusa ya kuingia korongoni? Chifu? Mwenye ng’ombe? Mizimu?

“Ruhusa? Iko mulango pale?” alisema. “Batu banapita tu, na ngombe yao. Korongo haina mwenyewe. Iko na desturi moja: wa mbele anasema njia, wa nyuma anarudilia.”

Alinieleza. Kuta zinakaribiana kiasi kwamba kundi linapita kwa mstari, na anayekuja nyuma haoni kitu ila matako ya ng’ombe na vumbi. Kwa hiyo wa mbele husema kwa sauti kila anachokiona: jiwe, mwiba, shimo, ukuta wa rangi fulani, geuka. Wa nyuma lazima arudie neno kwa neno, ili wa mbele ajue amesikia. Asiporudia, kundi zima linasimama.

“Na sisi hatuna ng’ombe,” nikasema. “Mtu si anaona mwenyewe?”

“Iko na maulizo mingi huyu,” maman Feza alimwambia papa.

“Tangu kuzaliwa,” papa akajibu.

Kulipopambazuka alitusindikiza mpaka kwenye mdomo wa korongo. Zaidi ya hapo hakuweza, siku hiyo ilikuwa zamu yake ya maji kwenye shamba la mpunga, na zamu ya maji Sange haimngoji mtu. “Muko babili tu,” alituambia. “Wa mbele anasema.” Akarudi haraka, kanga yake ikipotea kati ya miiba.

Mdomoni hapakuwa na kitu. Nasisitiza hili kwa sababu nilisimama nikitafuta: kibao, kamba, mtu kwenye kiti. Kulikuwa na kinyesi kikavu cha mbuzi na nyayo. Mchanga ulianza miguuni petu, nami nikainama nikauchukua, na ulikuwa mweupe na laini, kweli kama unga wa muhogo. Papa hakusema “si niliwaambia”. Alivua kofia, kama mtu anayeingia ndani ya nyumba.

Hatua chache tu, na sauti za bonde zikakatika. Nimezaliwa Kadutu, sijawahi kusikia ukimya. Kwetu hata alfajiri ina redio ya mtu. Hapa nilisikia chembe za mchanga zikiteremka ukutani. Kuta zilianza kiunoni, zikafika begani, kisha zikapita juu ya vichwa vyetu na kuendelea kupanda, za udongo mgumu uliochongwa na maji ambayo hayakuwepo. Yalikuwa yameacha alama za mwendo wao kila mahali, mikunjo, mapango ya ukubwa wa kichwa, migongo laini kama ya ndama. Niligusa ukuta wakati wote, kama mtoto dukani. Mahali pamoja, juu ya kichwa changu, niliona konokono wadogo weupe wamepachikwa kwenye udongo kwa mstari, maelfu. Nilisimama muda kabla ya kuelewa. Walikuwa wa majini. Mahali nilipokuwa nikipumua palikuwa chini ya ziwa, enzi ambazo hapakuwa na mtu wa kuliita ziwa.

Sikuwa nasema njia. Nilipiga picha, nilishangaa, niliachwa nyuma. Papa alitangulia, na sikuona ubaya, kwani njia ni yake.

Kwenye njia panda nilimkuta ameshaingia mkono wa kushoto, anaenda kwa bidii, fimbo ikichimba mchanga. Nilimfuata mpaka nikatazama kando. Ukuta ulikuwa na kijani cha giza, kijani kilichochoka.

“Papa. Hii si sombe iliyolala?”

Akasimama. “Hapana. Hii njo mawese.”

“Mawese ni ule mwingine, kule nyuma. Huu ni kijani.”

Aliuweka mkono wake juu ya ukuta, akautazama kwa karibu sana, kisha akanitazama mimi. “Ni kivuli,” alisema. “Kivuli inadanganya.” Lakini sauti yake ilikuwa imeshuka, na nikaona anapumua kwa mdomo na goti limevimba ndani ya suruali. Tulikuwa tumeingia ndani sana upande usio wetu. Jua lilikuwa likipanda, na kwa jinsi alivyotusimulia siku zote, jua halikai Kanisani. Linapita, na kuta zinazimika. Kama tungechelewa, angekuwa ameteseka kwa ajili ya shimo la udongo, na asingepata nafasi nyingine.

Tulirudi polepole mpaka njia panda. Pale papa akaegemea ukuta wa mawese, ule wenyewe, mwekundu na kung’aa kana kwamba umepakwa, akaniambia:

“Pita mbele, Nsimire. Sema njia.”

Hakusema kama baba anayemwagiza mtoto. Alisema kama mtu anayeomba maji. Nikapita mbele.

Mwanzoni nilisema kwa haya. “Jiwe. Kulia.” Nyuma yangu: “Jiwe. Kulia.” “Mzizi.” “Mzizi.” Halafu nikagundua kuwa ukilazimika kusema, unalazimika kuona. Nilikuwa nimepiga picha asubuhi nzima na sikuwa nimeona chochote. Sasa nilisema mwiba, nyayo za ndege, shimo la nyuki, ufa unaotoa hewa baridi, na kila neno lilirudi kwangu kwa sauti ya papa, bila kuongezwa wala kupunguzwa, mpaka ikawa kama korongo lenyewe linanisomea imla na sisi wawili tunaandika.

Ndipo mwanga ulipoanza kuingia kutoka mbele, na papa akaniuliza ukuta una rangi gani, na mimi nikakosa jibu.

Rangi zilikuwa zinabadilika nikizitazama. Nyekundu haikutosha. Kahawia lilikuwa tusi.

“Ngoja,” nikasema.

“Nangoja.”

“Chini ni kama ndani ya pera.”

“Chini ni kama ndani ya pera.”

“Juu ya pera kuna mstari wa majivu. Juu ya majivu ni kutu, kama bati la jirani yetu wa chini.”

Akarudia, na kwenye bati la jirani nikamsikia anatabasamu.

“Na juu kabisa, linapogusa jua, ni kama makaa mtu akiyapulizia.”

“Mtu akiyapulizia,” papa alisema, taratibu sana.

Tuligeuka kona, na korongo likafunguka.

Sijui nani alipaita Kanisa kwanza, lakini ningefika peke yangu ningesema hivyohivyo, mimi ambaye huenda misani kwa ajili ya maman tu. Ni chumba cha mviringo kama tumbo la chungu, kuta zake ndefu kuliko mnara wowote nilioujua, na mdomo wake juu umejaa jua. Mwanga uliteremka ukutani huku tukitazama, mpaka wake ukionekana wazi, na kila tabaka lililoguswa liliamka. Pera likawaka. Kutu ikawaka. Kisha matundu madogo ukutani yakatapika ndege, wembamba, wa kijani na nyekundu, wale wanaokula nyuki, wakazunguka ndani ya mwanga bila kugongana. Nilisikia machozi na sikujua ni ya nini. Nilikuwa nimekuja kumkamata mtu na uongo, na kila kitu kilikuwa kweli, tena alikuwa ametupunguzia.

Papa alikuwa ameketi mchangani, mguu umenyooka, kofia gotini.

“Sema,” aliniambia.

Nikasema. Nilisema ndege, nilisema mwanga ulipofika, nilisema kila rangi mpaka sauti ikakauka, naye akarudia yote akiwa ameinua uso. Jua lilipopita na kuta zikaanza kupoa, akasema, “Basi,” akaninyooshea mkono nimwinue.

Sange, jioni, maman Feza alikuwa na matope ya mpunga hadi magotini na furaha ya mtu aliyepata maji yake. Aliniuliza kama papa alirudia vizuri. Nikasema hakuacha neno.

“Papa yangu alikuwaka anasema hivyo,” alisema. “Maître anarudilia kupita batu bote. Na kuuliza. Iko namna gani, iko rangi gani, kila saa. Papa yangu alicheka: huyu mwalimu anataka kulishwa kama mutoto.”

Papa alikuwa ameshalala, kofia juu ya uso.

Tulirudi Bukavu na lori la tonton Bahati, tukapanda Ngomo tukivaa masweta yetu moja baada ya jingine. Goti lilipasuliwa, likapona kadiri lilivyoweza. Anayetaka kwenda, niliambiwa na ofisi na nimethibitisha kwa miguu: hakuna kibali, hakuna lango. Nenda kiangazi, barabara ikiwa salama, usiende peke yako, na wa mbele aseme.

Jambo moja lilinishangaza baada ya safari. Papa aliendelea kusimulia korongo, kwa wajukuu, kwa wagonjwa wenzake hospitalini, kwa padri. Lakini maneno yalikuwa yamebadilika. Ukuta haukuwa tena wa mawese. Chini ni kama ndani ya pera, alisema, juu yake majivu, kisha bati la jirani, na juu kabisa makaa mtu akiyapulizia. Kaka zangu walisema papa amebadilisha misa. Mimi nilidhani ananifurahisha. Na tangu siku hiyo hayakubadilika tena, mpaka alipotutoka.

Mwanangu Agisho alipoanza shule, mwalimu wake aliniita kunionyesha mchoro: mwembe wenye majani ya kahawia, na nyasi za kahawia, na mtoto anacheka chini yake. Nikampeleka kwa daktari wa macho. Daktari alimwonyesha miviringo yenye madoa madoa, akamwuliza anaona namba gani ndani yake, na Agisho akasema haoni namba, anaona madoa. Kisha daktari akanigeukia mimi.

“Maman, na papa yako mwenyewe, alikuwaka anaona rangi?”

Nikamjibu kwamba papa yangu alisoma gazeti bila miwani mpaka uzeeni. Akanieleza kwa subira kwamba jambo hili mara nyingi hutoka kwa babu, hupitia kwa binti yake bila kumgusa, likatokea kwa mjukuu.

Nilipanda Cimpunda moja kwa moja. Maman alikuwa mlangoni anachambua maharage. Nilimwuliza, naye hakuinua kichwa.

“Nyekundu na kijani kwake vilikuwa kitu kimoja,” alisema, “tangu utoto. Alinikataza kuwaambia. Mwalimu gani hajui rangi? Kashindi peke yake njo alijua, ndiye aliyemwambia rangi za korongo.”

Papa hakuwahi kuuona ukuta wa mawese.